Papa Aliulizia Piesi ya Zamani

Mimi kukaa siwezi. Hata haya nayaandika nimesimama kwenye kaunta ya duka langu hapa Kikula, Likasi, na nimeshatoka nje mara mbili kuangalia kitu ambacho hakipo. Mwaka ule Papa, baba yangu, alipoanza kuzimia, hali hii ilizidi.

Papa alikuwa makanika wa pampu kiwandani mpaka alipostaafu. Mara ya kwanza alianguka kanisani, wakati wa Kwaresima, tukasema ni njaa ya kufunga, tukampa chai yenye sukari nyingi. Mara ya pili alikuwa ametoka kula. Daktari wa Lubumbashi akampiga picha ya moyo, akatuambia vali inayopitisha damu kutoka moyoni imekuwa ngumu kama chokaa, haifunguki vizuri. Kumpasua kifua, kwa umri ule na mapafu yale yaliyokula vumbi, haikuwezekana. Ilibaki njia moja: vali mpya ikunjwe ndani ya mrija mwembamba, ipitishwe kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Mdogo wangu aliye ng'ambo akahangaika mpaka akatupatia hospitali Afrika Kusini. Mimi, binti yake, ndiye niliyempeleka, maana nanunua mali Zambia na Kiingereza nakijua cha kutosha.

Siku moja kabla ya kuwekewa vali, daktari wa kule alikuja kitandani. Papa akavaa miwani, ingawa hakukuwa na cha kusoma. Aliuliza kwanza kama moyo watauzima. Nikatafsiri jibu: hapana, utaendelea kupiga. Akakunja uso, kwani yeye pampu hakuwahi kuitengeneza ikizunguka. Halafu akauliza la pili.

"Ile ya zamani, banaitoa inje?"

Daktari akasema hapana. Ya zamani hubaki humo humo. Mpya hufungukia ndani yake na kuisukuma kando. Ndivyo inavyofanyika kwa kila mgonjwa, alisema, na asiwe na wasiwasi.

Namjua Papa. Kwake, makanika anayeacha piesi mbovu, kipuri kilichokwisha, ndani na kuweka mpya juu yake si makanika, ni mwizi. Angekataa, na Papa akishakataa, amekataa. Tungerudi Likasi, nami ningekuwa nasikiliza pumzi yake kupitia ukuta mpaka siku ambayo nisingeisikia. Niliogopa.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Banaitoa."

"Basi, nakubali." Akatia saini.

Kesho yake nilitembea kwenye korido ile mpaka nesi akachoka kunionyesha kiti. Waliponiita, nilimkuta macho wazi na midomo ina rangi ambayo sikuwa nimeiona kwa mwaka mzima. Nikalia mbele za watu, bila aibu.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nini, Papa?"

"Piesi ya zamani."

Kiwandani kwao ilikuwa hivi: ukibadilisha kitu, ile mbovu unamletea mkubwa wako mezani, aishike, aione. Bila hiyo hujabadilisha kitu, umekula piesi mpya. Na mimi, mtoto wa makanika, sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikamwambia hospitali imeshaitupa.

Tuliporudi, wenzake wa zamani wa kiwandani wakaja kumsalimia, wakakaa uani na bia zao. Mmoja akauliza lile lile: uliiona kwa macho yako? Wengine wakacheka, wakamtania kwamba amechezewa na Wazungu. Papa hakucheka.

"Mutoto wangu alikuwa pale," akasema. "Yeye hawezi kunidanganya."

Nilikuwa mlangoni na sahani ya karanga. Usiku ule sikulala vizuri, na wala si kwa ajili ya joto.

Asubuhi nikamkuta anafagia uani mwenyewe, kazi ambayo miezi michache nyuma ingemwangusha. Nikamwambia yote, harakaharaka, nisije nikageuza nia: kwamba ya zamani iko ndani, kwamba nilijua, kwamba nilisema uongo mara mbili.

Akaegemeza ufagio ukutani.

"Kwa nini?"

"Niliogopa, Papa."

"Weye uliogopa." Akaniangalia sana. "Na minye, mama? Uliniuliza kama naogopa?"

Nilisema nisamehe, akasema imekwisha, akachukua ufagio. Mchana alikula vizuri, akaniomba pilipili. Nikadhani kweli imekwisha.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Lubumbashi kwa uchunguzi. Siku zote tulikuwa tunaingia kwa daktari pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na karatasi zake. Walipoita jina lake nikasimama. Akazichukua zile karatasi mkononi mwangu, taratibu, bila hasira, akanipa koti lake nimshikie. Akaingia peke yake, akafunga mlango.