Mabenchi ya Treni Yetu

Watu wakisikia kwamba sisi tuna reli hapa Maskati hucheka kwanza, halafu huuliza iko wapi. Iko shambani, upande wa nyuma ya Mawaleh, kwa mwenzetu mmoja ambaye mitende yake ilikufa kwa maji ya chumvi. Treni yenyewe ni ndogo, ya watoto. Zamani ilikuwa ikizunguka kwenye bustani moja ya starehe, na wanangu waliipanda wakilia kwa woga na kucheka hapo hapo. Bustani ilipofungwa treni ikaachwa juani miaka mingi, mpaka ikawa inangojewa kuuzwa kama chuma chakavu. Rafiki yetu mmoja, mhandisi aliyestaafu kwenye mafuta, akenda kuiomba. Wakampa, nafikiri kwa kumwonea huruma.

Babu yake mhandisi huyu alipata kupanda treni ya Bububu, kule Unguja, na hadithi za treni ile amelelewa nazo tangu utoto. Sote kundini tumezaliwa Unguja tukaja huku vijana. Mimi nilikuwa muuguzi. Mwenzetu mwengine alikuwa mtu wa forodha, Bandari ya Sultan Qaboos, enzi zile zikifika meli za mizigo na si za watalii. Hakuna aliyejua kufufua treni isipokuwa mhandisi, na yeye mwenyewe alikuwa akibabaisha. Tulijifunza kulaza mataruma, yale magogo ya chini ya reli, kwa kuyalaza vibaya na kuyang'oa tena.

Kazi yangu ilikuwa mbao. Viti vya zamani vya plastiki vilikuwa vimeoza, na nyumba kongwe ya ukoo wa mtu wa forodha, Sidab, ilikuwa inabomolewa, basi tukaenda kuokoa mbao za milango na dari. Zilikuwa za msaji wa kweli, nzito. Mhandisi alizipasua, na mimi nikazipiga msasa majira yote ya joto, kwenye baraza yangu, feni ikinivumia vumbi usoni. Kwenye benchi moja keekee iliniteleza ikachimba shimo kwenye ubao, umbo la jino. Nikaliziba shimo kwa unga wa mbao na gundi, rangi ikakataa kulingana, tukaliacha hivyo hivyo.

Aliyekuwa akinisaidia zaidi ni msichana wa Kiganda anayefanya kazi nyumba ya jirani yangu. Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko, na jirani alikuwa akimruhusu tufuatane. Mara ya kwanza alikuja kwa kuchoka kukaa chumbani. Kisha akashika brashi, na ikaonekana kwamba mkono wake hautetemeki. Yeye ndiye aliyeandika majina ya stesheni zetu mbili, ya getini na ya mwisho wa shamba, kwa Kiarabu kwa kuiga herufi nilizomchorea. Na kwenye mlango wa behewa la mwisho alichora korongo wa kwao, yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu. Hakumwomba mtu ruhusa. Mhandisi alipomwona korongo akasema sasa treni ina mwenyewe.

Majira ya baridi tukaanza kupandisha watoto, Ijumaa asubuhi, bure. Watu walikuja na vitumbua na birika za chai. Babu zao walikuwa wakijidai wanapanda ili kumshika mjukuu, na kila mtu akijua ni uongo.

Asubuhi tulipoikuta treni imevunjwa, mimi na mwenye shamba ndio tuliotangulia. Geti lilikuwa limekatwa komeo. Kichwa cha treni kilikuwa wazi, nyaya za shaba zimevutwa nje zote. Kengele haipo, taa hazipo. Mabenchi yote yameng'olewa, na mahali pa skrubu pamebaki mapengo yaliyochanika. Hayo ni wizi, na wizi nnaufahamu. Nimefanya kazi hospitali, nimeona watu wakiiba mpaka mashuka. Lakini mchanga waliomimina ndani ya injini wameupeleka wapi sokoni? Vioo vya mbele walivivunja kwa faida gani? Mlango wa korongo ulikuwa chini, umekanyagwa ukapasuka katikati, na nyayo za viatu zimebaki juu ya rangi. Mwenye shamba alikaa juu ya reli akavua kofia. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa nikizunguka tu, nikiokota vipande vya vioo kwa mikono mitupu, mpaka akaniambia niache nisijikate.

Askari walikuja wakapiga picha. Walikuwa na adabu, sina la kuwalaumu, ila mmoja wao alikuwa akiiita treni yetu lu'ba, mchezo wa watoto, na kila alipolitamka neno lile nilihisi napigwa kofi. Akauliza nani huwa anaingia shambani. Tukamwambia watu wote huingia, ndiyo maana ya kitu chenyewe. Akauliza tena: wafanyakazi je?

Swali lile liliota mizizi. Jioni yake tulikutana kwa mhandisi, na mtu wa forodha, ambaye nimemjua umri wangu wote, akasema lazima kuna mtu wa ndani aliyetoa habari. Nikamuuliza mtu gani. Akasema yule msichana anajua kila pembe, anajua ufunguo unafichwa wapi, na hawa wana wenzao madereva, wenzao wenye pikapu.

"Komeo limekatwa," nikamwambia. "Mwenye kujua ufunguo ulipo atakata komeo ya nini?"

Akasema yeye hamshutumu mtu, anawaza tu. Wengine wakatazama vikombe vyao. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba watu hawa hawa, walipofika nchi hii na lafudhi zao za Unguja, walikuwa wakitazamwa kwa jicho lile lile, na kila mmoja wao ana kisa chake cha kusimulia juu ya hilo. Niliwakumbusha. Mhandisi akasema tusikasirishane. Nikaondoka bila ya kunywa kahawa.

Siku ya pili mtu wa forodha akampigia simu jirani yangu. Sikujua mpaka mtumishi wa nyumba nyengine aliponieleza. Jirani alikuwa amempekua msichana chumba chake, begi lake, mpaka godoro akaligeuza. Simu akaichukua aangalie kapiga kwa nani. Hakukuta kitu, na kwa kutokukuta kitu akaona bora amnyime ruhusa ya Ijumaa kabisa.

Nilikwenda kwake mchana. Jirani huyu si mtu mbaya. Watoto wetu wamekua pamoja, na mimi nilimkalia usiku na mchana alipofiwa na mama yake. Alinikaribisha vizuri. Nikamwambia alilolifanya ni dhuluma. Akasema yeye ndiye kafili, mdhamini wake, likitokea jambo ataulizwa yeye, na mzee mzima hawezi kupiga simu kwa upuuzi. Nikamwambia wazee wazima ndio wenye upuuzi mkubwa. Aliona nimemvunjia heshima nyumbani kwake, na labda kweli. Nilipokuwa natoka, msichana alikuwa akisafisha ngazi. Hakuniangalia. Nilimwita, akasema, "Mama, nenda tu. Ukikaa hapa wanazidi kuniuliza."

Ikapita muda, treni imefunikwa turubali. Siku moja mke wa mwanangu akaja kunionyesha picha za siku ya kuzaliwa ya mtoto wa rafiki yake. Walikuwa wamesherehekea kwenye mkahawa mpya, mmoja wa ile ya kisasa iliyopambwa kizamani, redio mbovu ukutani na masanduku ya bibi harusi yanayowekewa keki. Alikuwa ananionyesha keki. Mimi nikaona benchi. Nikamwambia aikuze ile picha. Mtoto mmoja alikuwa ameketi, na pembeni ya paja lake, kwenye ubao, lilikuwepo lile jino langu lililokataa rangi.

Tulikwenda mimi na mhandisi. Mabenchi yetu yalikuwa yamewekwa kando ya ukuta, mengine yamekatwa yaingie kwenye kona. Kengele ilikuwa imetundikwa darini juu ya meza ya malipo, kamba yake ikining'inia; mteja akipenda huduma huigonga, na wakati tumesimama pale kijana mmoja akaigonga watu wakapiga makofi. Nikamuuliza mhudumu nani mwenye mkahawa, akampigia simu, na haukupita muda bwana akaja.

Alikuwa kijana wa dishdasha, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, uudi unamtangulia, na alipotuona akatabasamu akasema kwa Kiswahili chetu kabisa, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba kwa mazoea, na mpaka leo marahaba ile nnaijutia. Nilimjua. Mama yake nimesoma naye skuli. Na zaidi ya hapo, nilikuwa nimemwona shambani majira yale ya baridi, amemleta binti yake mdogo, kapanda naye treni, na nilimpa vitumbua kwa mkono wangu.

Hakukataa. Naona hakudhani kwamba kuna haja ya kukataa. Alieleza kwamba aliwatuma vijana na pikapu wachukue vitu vichache vya kupambia, kwa sababu aliona vile vinapotea bure mashambani hakuna anayeviona, na mkahawani vitaonekana na kila mtu.

"Mbona hukutuomba?" mhandisi akamuuliza.

"Mngekataa," akasema.

Mhandisi akamuuliza juu ya mchanga, na nyaya, na vioo. Hapo ndipo alipoinamisha macho. Akasema vijana wale walizidi, nyaya waliziuza kwa faida yao, na mengine walifanya ili ionekane ni wahuni wamepita. Yeye hakuwatuma hayo. Halafu akapata fikra, uso ukamng'aa: ataweka kibao kizuri ukutani, na majina yetu sote, wahifadhi wa urithi.

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Nilimwambia ashushe kengele, sasa hivi, mbele ya wateja wake, na akaishusha mwenyewe kwa kupanda juu ya kiti.

Nilidhani hapo mambo yatanyooka. Lakini wazee wa ukoo wao wakaja kwa mhandisi, na halua na maneno laini, kwamba kijana ana familia, kwamba sisi ni watu wamoja, kesi itaharibu jina. Walisema watagharimia matengenezo yote. Wenzangu wakakubali kufuta mashtaka. Nilisema sikubali, na nilitaka ijulikane kwamba sikubali. Nikawauliza: kama angekuwa yule msichana, mngekaa hapa mnakula halua? Mtu wa forodha akasema hilo ni jambo jengine. Nikamwambia aende akamtake radhi. Akasema kwani alimfanya nini, yeye alipiga simu tu, na tena mtoto wa watu ameshasahau.

Nilikwenda mimi. Jirani yangu alifadhaika aliposikia mwizi ni nani, lazima nimpe haki yake hiyo. Alimwita msichana pale pale sebuleni, akamwambia simu yake hatoiangalia tena, na Ijumaa aende atakako. Msichana alisikiliza mikono ameikunja nyuma. Nikamwambia mlango wa korongo umeunganishwa, unangoja rangi, na nitampitia asubuhi.

"Mama, asante," akasema. "Lakini siendi. Siku ya kwanza kitu kikipotea pale, mtanitazama tena. Hata wewe labda."

Nikamwambia mimi sikumtazama hata siku moja. Akasema anajua, ila hawezi kufanya kazi ya bure mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayemwamini. Ijumaa siku hizi huenda kusali na wenzake, halafu hukaa ufukweni wakila. Ameniletea picha mara moja, wamevaa vizuri, wanacheka. Nimefurahi kwake, na nimekasirika upya kwa ajili yetu. Mlango wa korongo tumeurudisha ulivyo, na ufa katikati ya shingo. Mhandisi alitaka kumwita fundi aupake, nikamwambia fundi yeyote asiuguse.

Treni inatembea tena. Mabenchi yaliyokatwa tumeyaunga, hayapendezi, lakini yanakalika. Pana kamera getini sasa, na komeo nene, na mimi nimeacha kwenda kwenye vikao. Nakwenda Ijumaa tu, kupanga watoto kwenye foleni.

Ijumaa moja nikamwona yule mwenye mkahawa amesimama kwenye foleni, binti yake kamshika kidole. Hakujificha. Watu walikuwa wakimwamkia, na mtu wa forodha alimletea kiti. Foleni ikasogea mpaka wakafika kwangu. Akanisalimia. Safari hii sikuitikia.

"Mtoto apande," nikasema. "Wewe utabaki hapa."

Akaangalia huku na huku kama kwamba pana mtu wa kumtetea. Kisha akaachia mkono wa binti yake, na mimi nikamwinua, nikamkalisha penye kivuli, nikamfunga mkanda. Alikuwa na vibanio vya nywele vya rangi ya waridi, na kiatu kimoja hakijafungwa, nikakifunga. Akaniuliza kwa nini baba hapandi.

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe ukirudi."