Mwezi wa Vimbunga Vitatu

Ofisini tulimwita Bi Upepo, naye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na meli kwa redio: anawasomea mabaharia hali ya hewa, nao wanamrudishia ya huko waliko, yaani upepo, mawimbi na mgandamizo wa hewa. Mimi, jirani yake wa meza, nilizichora habari hizo kwenye ramani. Salamu za nyumbani zilipigwa marufuku, maana meli zote husikiliza masafa yaleyale. Mkuu wetu alikuwa mkali kwa hilo kuliko mama mkwe.

Mwana wa pekee wa Bi Upepo alikuwa baharia, na kwenye meli yake ndiye aliyetuma taarifa hizo. Walikuwa hawasemezani. Baba mtu alipofariki, kijana alikuwa safarini. Mama akazika bila kumngoja. "Ungenisubiri, Mama," alimwambia kwa simu, akakata. Tangu hapo hakupiga tena. Bi Upepo akabaki na nyumba ya vyumba viwili, kiti cha marehemu, na sufuria kubwa bila mtu wa kumpikia. Jioni alichelewa kuondoka ofisini, akijifanya anapangusa vumbi kwenye mitambo isiyo na vumbi. Upweke ulikuwa ukimla, na sote tuliuona.

Halafu ukaja mwezi ule. Vimbunga vitatu vilizaliwa baharini, kimoja kikifuata kingine. Cha kwanza hakijafa, cha pili kishapewa jina. Bahari ikitulia, meli hutuma taarifa mara chache; ikichafuka, hutuma kutwa nzima. Kwa hiyo sisi tulivilaani vimbunga, Bi Upepo akaja kazini amepaka wanja. Aliisikia sauti ya mwanawe asubuhi, mchana na jioni, ikitaja upepo na mawimbi, kavu kama ya karani. "Imepokelewa," anajibu mama, kavu vilevile. Kisha anaona haya kwa kuifurahia hatari iliyomzunguka mwanawe.

Cha tatu kikapinda ghafla kuielekea meli ya mwanawe. Siku nzima redio ilikoroma tu. Bi Upepo alikaa na vipokea sauti masikioni, chai imepoa mbele yake, wala hakulia. Kesho yake asubuhi sauti ikatoka: upepo unapungua, mgandamizo unapanda, meli salama. Kisha ikaongeza, "Mama, umekula?"

Mazoea ya kazi yakamponza. "Imepokelewa," akasema Bi Upepo, akafunga mawasiliano. Papo hapo akaishika meza kwa mikono miwili.

"Nimefanya nini mimi?"

Nikamletea chai ya moto.

Kimbunga chenyewe kilikuwa kinafia kwenye maji baridi. Nilipokifuta ramanini aliniangalia kama ninayemfungia mlango, maana bahari ikishatulia, sauti ile ingekuwa adimu tena.

Mchana meli ikaita. Taarifa ikasomwa yote: upepo, mawimbi, mgandamizo. Kisha kijana, kwa sauti ileile ya kikarani, akasema, "Swali la asubuhi halijajibiwa."

Mkuu akakohoa nyuma yetu. Meli zote zilikuwa zinasikiliza. Bi Upepo akabonyeza kitufe, akasahau hata kutaja jina la kituo.

"Bado, mwanangu," akasema. "Nakusubiri."