Nimekataa Kubandika Nafasi za Wanafunzi Wangu

Admin, nifichie jina langu na la shule pia, maana huku Usangu tunajuana. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka thelathini na nne, kwetu ni Kilolo. Nafundisha darasa la nne, nina mume na watoto, na muda wowote naweza kuandikiwa barua ya utovu wa nidhamu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Shuleni kwetu kila baada ya jaribio matokeo yanabandikwa kwenye mlango wa ofisi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwenye kikao cha wazazi wa kwanza anapigiwa makofi, walioshika mkia wanasimamishwa mbele. Darasani kwangu anayeshika mkia ni yule yule, nimwite Masanja, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma. Baba yake alishaniambia, "Madam, huyu hana kichwa cha shule, mwakani namrudisha kwenye ng'ombe." Iliniuma, kwa sababu mtoto huyo hakosi kipindi hata kimoja.

Basi muhula huu sikupanga nafasi. Nilichukua karatasi ya manila, nikaandika majina kwa alfabeti, na mbele ya kila jina nikachora vyumba vya yale tuliyopima: kusoma, kuelewa ulichosoma, kuzidisha, kugawanya, hesabu za maneno. Mtoto akiweza, napaka kijani. Kama bado, naacha peupe. Ndipo nikamwona Masanja vizuri. Kuzidisha kijani, kugawanya kijani. Peupe palikuwa kwenye kusoma, na kwenye hesabu za maneno, kwa kuwa swali lenyewe hakuweza kulisoma. Nyumbani kwao wanaongea Kisukuma tu. Tangu hapo namfundisha kusoma asubuhi kabla ya kengele, na sasa anamaliza aya nzima bila kushikwa mkono.

Siku ya kikao nilimwita kila mzazi mezani, nikafunika majina mengine, nikamwonyesha mstari wa mwanawe tu. Baba Masanja aliuangalia ule ukijani muda mrefu, akasema, "Kumbe hesabu anazijua." Habari za ng'ombe hakuzitaja tena.

Akaja mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Binti yake, nimwite Rehema, ndiye wa kwanza wetu wa siku zote. Lakini safari hii niliweka hadithi mpya ambayo haimo kitabuni, na kwenye kuelewa, pa Rehema pakabaki peupe. Amezoea kukariri.

"Madam, mwanangu wa ngapi?"

"Baba, sijapanga nafasi."

"Huyu ni wa kwanza tangu la kwanza, leo wewe unamwachia pengo?"

Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Nikaitwa. Nikaambiwa nibandike nafasi kama kawaida na nimwombe mwenyekiti radhi mbele ya wazazi, la sivyo naandikiwa. Nikamjibu, "Mkuu, andika tu." Wenzangu ofisini wanasema najifanya mjuaji. Mume wangu naye ananibembeleza, "Mama, bandika yaishe, ajira zenyewe unazijua." Nazijua. Lakini sibandiki, na yule mtoto hatasimamishwa mbele ya watu tena wakati mimi najua anachokijua.

Sasa leo, wakati wa mapumziko, Rehema akanifuata darasani. Akanisalimia shikamoo, akabaki amesimama anachezea kola ya shati.

"Madam, na mimi naweza kuja asubuhi na Masanja? Pale palipo peupe nataka na mimi papakwe. Ila baba asijue."

Nikamwambia nitamjibu kesho asubuhi.

Ndugu zangu, kuomba radhi msinishauri, hilo nimeshalikataa. Masanja nimeshajua pa kumshika. Anayenitia wasiwasi ni huyu wa kwanza. Nimfundishe kwa siri, nimzoeshe kumficha mzazi wake? Au nimfuate baba yake pale mashineni nimwambie usoni kwamba mwanawe mwenyewe ameomba? Nishaurini, maana kesho kabla ya kengele atakuwa amesimama mlangoni kwangu.