Kona ya Kanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli, sare ya kaki iliyonibana kwapani, na onyo. Onyo lilitoka kwa Karani Mkuu, Mgoa mwembamba aliyefunga tai hata katika joto la Januari, kwenye chuo kidogo cha walimu pale Chumbageni. Chuo chenyewe hakipo tena, kwa hiyo msihangaike kukitafuta. Aliniambia, "Bakari, barua ikipotea tutaandika nyingine. Mgeni akipotea, baba yake tutamwambia nini?" Nilidhani ananitania, maana niliajiriwa kuwa tarishi, yaani mpeleka barua za ofisi, na habari za wageni sikuambiwa na mtu. Hakuwa ananitania.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei na Tanga inafurika watu kutoka kila upande. Kila mwaka chuo kiliwaita vijana waje kuulizwa maswali kabla ya kupokelewa, jambo ambalo ninyi wa leo mnaliita usaili. Walikaa mjini siku mbili tatu tu. Walitoka Usambara, Upare, Handeni na Pangani, na wengi wao hawajaona mji mkubwa kuliko gulio la kwao. Chuo kiliwapelekea waranti, ile karatasi ya serikali iliyompandisha mtu treni bila kukata tiketi, lakini hakikuwa na pa kuwalaza. Kila mmoja alifikia kwa ndugu au kwa mtu wa kwao, huyu Ngamiani, yule Usagara. Kazi ya kuwaunganisha na chuo ikaniangukia mimi.

Sisi tuliiita kutembeza. Nilimpokea mgeni stesheni, nikampeleka kwa mwenyeji wake, na kesho yake nikaja kumchukua tuikanyage njia ya chuo, kwenda na kurudi. Kila kona nilimtaka ageuke atazame alikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwendea. Hilo ni jambo dogo, lakini asiyelijua huteseka. Ninyi siku hizi mnaiuliza simu, nayo inawapeleka mpaka mlangoni bila ninyi kujua mmepita wapi. Haya, na iwe heri.

Msidhani mji ulikuwa mgumu. Barabara za Ngamiani zimepewa nambari, ya kwanza iko karibu na reli na nyingine zinafuatana, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Mgeni akiambiwa hivyo hufurahi, akasema hapa hapotei mtu. Hapo ndipo anapopotea hasa. Kona zote zinafanana: nyumba ya udongo na bati, mlango katikati, baraza huku na huku, watu wanakunywa kahawa. Nambari zenyewe zilikuwa midomoni mwa wenyeji, wala hazikuandikwa ukutani.

Mkuu wa Chuo wa kwanza niliyemtumikia alikuwa Mwingereza mzee, mpole, aliyependa kutembeza kwangu mpaka akanipa mwavuli. Alipoondoka akaja mwingine, kijana bado, mwenye saa ya mnyororo mfukoni. Wiki ile ile aliniita ofisini. Alisema Kiswahili chake kwa uangalifu, neno baada ya neno.

"Bakari, hawa wanataka kuwa walimu. Mtu mzima anafika mwenyewe. Wapokee stesheni, uwafikishe kwa wenyeji wao, basi."

Nikasema, "Bwana Mkuu, wengine mji hawajauona hata mara moja."

"Wataona sasa," akasema.

Mwaka huo akaja Raheli. Alishuka treni iliyotoka bara akiwa na baba yake, Mzee Zakaria, mkulima Mshambaa kutoka milimani huko juu ya Mombo, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, viatu ameviweka kwapani ili visichakae. Alinisalimu "Shikamoo kaka," akainamisha macho. Nikawapeleka kwa mwenyeji wao, fundi wa reli, barabara ya kumi na tano. Njiani Mzee Zakaria alinieleza mambo yalivyo, bila kuficha wala kulalamika.

"Kwetu kuna watu wamekuja kumposa. Ni watu wema, siwezi kuwakataa bila sababu. Lakini mwalimu wa kanisani kaniambia, huyu mtoto ana akili, mpeleke. Nimewaambia wale watu wangoje safari hii moja. Akipokelewa, atasoma. Asipopokelewa, ataolewa. Nimeapa mbele za watu, siwezi kurudi nyuma."

Raheli alikuwa akitembea nyuma yetu, na maneno hayo aliyasikia yote.

Usaili wa wasichana ulipangwa Ijumaa, saa nane mchana. Alhamisi mke wa fundi alimwonyesha Raheli njia, huku baba yake naye akifuatana nao. Usiku Mzee Zakaria akashikwa na homa, ile homa yetu ya pwani inayowapenda sana watu wa milimani, na Ijumaa hakuweza kuinuka. Mwenyeji yuko kazini, mke wake yuko na mgonjwa. Raheli akaondoka peke yake mchana, mapema kabisa, ili asichelewe.

Mimi nilitoka msikitini nikarudi chuoni. Saa nane kengele ikagongwa, Karani Mkuu akaita majina barazani. Alipofika kwa Raheli akaita mara ya pili, akanitazama. Niliingia kwa Mkuu kuomba ruhusa nimtafute, akaniambia pasipo kuinua kichwa, "Wewe ni tarishi, si mlezi." Nilipotoka, Karani Mkuu alinyoosha mkono na bahasha tupu. "Peleka hii posta," akasema. "Pitia Ngamiani."

Nilipiga baiskeli ile mpaka mnyororo ukalia. Nilivuka reli, nikaanza kuchungulia barabara moja baada ya nyingine. Nyumba zimetulia, watu wanakula wali wa Ijumaa, maduka yamefungwa. Nikamkuta kwenye kona ya duka la Bwana Karimu, Mhindi muuza kanga. Amesimama juani, wima, viatu miguuni sasa, mikono ameikunja mbele. Bwana Karimu ndiyo kwanza anafungua milango, anatundika kanga zake nje.

"Bakari, mgeni wako huyu?" akaniuliza. "Mimi natoka msikitini, yeye yuko. Nakwenda nyumbani kula, narudi, yeye yuko. Namwambia ingia ndani kunywa maji, anasema ahsante, akiingia ataipoteza njia. Sasa njia gani hiyo, bwana?"

Nikamwuliza Raheli imekuwaje. Machozi yalikuwa yamemlenga, lakini sauti ilikuwa imara.

"Jana nilizishika kanga hizi kuwa alama ya njia. Nikajisemea, pale penye kanga nyekundu nitakata kulia. Leo nimefika hapa hazipo, mlango umefungwa, na kona zote zimekuwa kitu kimoja. Kwetu ukungu ukishuka njiani, mtu husimama pale pale alipo mpaka uondoke. Anayetembea ndiye anayeangukia bondeni. Nikasimama, kaka. Nilijua zitarudi."

Milimani kwao mafunzo yale yanaokoa roho za watoto. Hakuna aliyemwambia kwamba mjini kwetu Ijumaa mchana hata rangi za barabarani hutiwa ndani. Mke wa fundi naye ni Mshambaa mwenzake, na siku ya Alhamisi alikuwa na mengi ya kumwonyesha, hilo halikumjia.

Nilimwambia apande nyuma ya baiskeli, akaona haya, akakataa. Tukaenda mbio kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, yeye kavua viatu tena. Tulipoingia uwanjani wale wasichana wengine walikuwa wakitoka, na Mkuu anafunga mlango wa chumba cha maswali. Akatoa saa yake mfukoni, akatutazama, akairudisha. Nikamweleza yote, mpaka habari ya ukungu. Alisikiliza, lazima niseme hivyo, alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa hakuna ukungu," akasema. "Aombe tena mwaka ujao."

Raheli akapiga goti kidogo, kwa adabu zao. "Ahsante, Bwana," akasema. "Lakini mimi sina mwaka ujao."

Mkuu akaondoka. Karani Mkuu alikaa mezani kwake ameshika kalamu isiyoandika chochote. Nilimrudisha binti barabara ya kumi na tano, na Mzee Zakaria alipotuona mlangoni akajua kabla hatujasema. Alijifunika blanketi uso, na mabega yake yalitikisika, sikujua kama ni homa. Jumapili niliwasindikiza stesheni. Nilimchukia Mkuu yule kwa miaka, na kusema kweli bado simpendi, ingawa nasikia alishakufa kwao.

Baadaye nilihamishwa. Korogwe nilimtumikia Bwana Elimu wa Wilaya, mtu wa mizaha aliyeniita "Bwana Ramani". Pangani nilikuwa chini ya Mkaguzi wa Shule aliyeogopa kivuko cha mto kiasi kwamba barua zote za ng'ambo nilizipeleka mimi. Uhuru ukaja, wakubwa wakabadilika rangi, bahasha zikabaki zile zile za kaki. Nilirudi Tanga kwenye ofisi ya elimu, na popote nilipokuwa niliwatembeza wageni, niambiwe nisiambiwe. Kila mmoja nilimweleza habari ya Ijumaa. Wakubwa wapya walicheka, lakini hawakunizuia.

Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, na vijana wa hapa Usagara huniuliza miaka yote ile niliifanyia nini kazi ya kutembea na watu barabarani. Jibu langu ni mgeni wa mwisho niliyempokea.

Siku hiyo walikuwa wanakuja wasichana kuulizwa maswali katika chuo kimojawapo. Binti mmoja alishuka treni peke yake, mrefu, sanduku la bati kichwani. Nikamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unafikia wapi?"

"Barabara ya kumi na tano, kwa shangazi."

"Njoo nikuonyeshe njia."

"Ahsante, babu. Njia naijua."

"Umewahi kufika Tanga?"

"Sijawahi. Mama kanifundisha. Tukienda shambani alikuwa akinichorea chini kwa kijiti, tangu sijui kusoma. Hapa stesheni, hapa reli, hapa barabara ya kwanza, uhesabu, usishike vitu vya dukani kuwa alama kwa sababu Ijumaa hutiwa ndani. Mvua ikifuta anachora tena."

"Mama yako alikaa sana Tanga?"

"Alikuja mara moja tu," akasema.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwomba tu anipe sanduku, kwa kuwa ni desturi ya kazi yangu, akanipa, akatangulia. Mimi mtembezaji wa miaka yote ile nikamfuata mgeni nyuma. Alihesabu kwa sauti ndogo kila tulipovuka barabara. Wakati huo Bwana Karimu alikuwa ameshahama na duka lake limekuwa la ushirika, linauza majembe na chumvi, hakuna hata uzi wa kanga pale nje.

Tulipofika kwenye kona ile alinigeukia.

"Hapa mama alisema nisisimame," akasema, akakata kona bila kupunguza mwendo.

Aliyesimama ni mimi.