Barua Iliyokaa Ndani ya Kopo la Chai

Frume alinyonyoa kuku kwenye bucha ya Wayahudi, mtaa wa Hill, Pittsburgh, na kwa miaka ishirini na tatu mtaa mzima ulimjua kuwa mjane. Uongo huo aliutunga mwenyewe. Mumewe, Getzel, alikwenda kutafuta kazi Cleveland, akamwacha na binti wa miaka miwili, asirudi. Mke aliyekimbiwa huchekwa hata na watoto. Mjane hupewa kiti. Basi Frume akararua kola ya gauni lake, akakaa chini siku saba kama wafiwa wa Kiyahudi wafanyavyo, akasema Getzel kafukiwa na mgodi huko magharibi. Jina lake likachongwa kwenye ubao wa marehemu sinagogini.

Miezi minane baadaye marehemu akaandika barua.

Frume hakujua kusoma, lakini mwandiko wa Getzel, uliolala ubavu kama mlevi, aliutambua. Msomaji wa barua pale mtaani alikuwa mwalimu Yosl, na mdomo wa Yosl haukuwa na mlango. Kuichoma nako aliogopa, maana barua za kwao huanza kwa jina la Mungu, na jina hilo halitiwi motoni. Akaisukumia ndani ya kopo la chai.

"Anataka kurudi," alijiambia. "Na akae huko huko kaburini kwake."

Kisha akaja Zalmen, mwoka mikate, mgane mwenye unga hadi kwenye nyusi. Kila Ijumaa alimwekea Frume mkate wa kusokotwa wenye mbegu nyingi kuliko wa wengine. Siku moja akamwambia mbele ya wateja:

"Frume, mimi si kijana wa kuimba dirishani. Unanitaka, hunitaki?"

"Kaangalie mikate yako, inaungua."

"Mikate imeshatoka. Ninayeungua ni mimi."

Frume alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aachwe. Lakini akakataa. Watu aliwadanganya, Mungu je? Getzel yu hai, na mwanamke ambaye hajatiwa hati ya talaka mkononi bado ni mke wa mtu. Zalmen aliuliza tena baada ya Pasaka, akakataliwa tena bila kuambiwa sababu, akaenda kuoa mwanamke wa Buffalo.

Mwaka 1934 sinagogi ilitimiza miaka hamsini. Binti mmoja wa maktaba ya ng'ambo ya mto, Mindel, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya karatasi za watu waliokuja kwa meli, zihifadhiwe. Frume akampima kwa macho: si wa mtaani, atasoma aende zake. Akamtolea kopo.

Mindel alisoma polepole. "'Frume, mimi ni mtu mbaya, usinisubiri. Rabi wa hapa Cleveland ameshaandika talaka yako. Njoo uipokee, au utume mtu akupokelee. Ukipata mume mwema, olewa.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Cleveland ni mwendo wa saa ngapi kwa treni?"

"Saa nne, mama, hazizidi tano."

Frume akaanza kuokota manyoya yaliyoganda kwenye aproni yake, moja moja. Mwendo wa saa nne tu. Zalmen alikuwa amezikwa majira ya baridi ya juzi, na yeye alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, kama mteja tu.

"Mama, kwenye daftari nimekuandika mjane," Mindel alisema kwa sauti ya chini. "Niache hivyo hivyo?"

"Futa. Andika mumewe alimpa talaka, naye hakwenda kuichukua."

"Na watu wakisoma?"

"Wasome. Mimi ndiye niliyekosa wa kunisomea."

Ilikuwa Ijumaa. Alijitanda shali akashuka kwenye duka la mikate la Zalmen, ambako sasa aliuza yule mwanamke wa Buffalo.

"Leo umechelewa, dada," akaambiwa. "Wa mbegu umekwisha."

"Nipe uliopo," Frume akasema.