Jeni ya Kima Iliyoitwa Kosa

Nilikuwa nafanya kazi ya kompyuta nyumbani kwetu Gisenyi, kwenye ncha ya meza ambayo mama, fundi cherehani, alikatia vitambaa vyake. Maabara iliyoniajiri iko ng'ambo. Walinitumia herufi za jeni za kima wanaojaribiwa chanjo, zile jeni zinazotengeneza kingamwili za kupambana na maradhi, nami nikazilinganisha na orodha ya jeni zinazojulikana.

Kima mmoja jike alinitatiza. Jeni yake moja ilipishana na orodha kwa herufi tatu. Nikamwandikia msimamizi wangu, Mtanzania mpole ila mgumu kushawishika. Akapiga simu.

"Hayo ni makosa ya mashine, dada. Yafute."

"Daktari, mbona yanarudi palepale kila nikisoma?"

"Basi chembe zake za damu zimejibadilisha, ndiyo kawaida yao. Futa, tuendelee."

Sikufuta. Nilikaa tu nikitazama skrini. Mama akasimamisha cherehani.

"We, iko nini?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, pini mdomoni.

"Uyo kima iko na mutoto?"

"Iko naye. Binti."

"Donc, basi, angalia mutoto. Kama naye iko nayo, si kosa. Ni ya kwao."

Data ya binti ilikuwa kwenye faili la kundi jingine. Nikaifungua. Herufi zilezile tatu, mahali palepale! Nikaomba maabara wasome pia jeni kutoka ngozi ya yule kima mama, kwa sababu jeni hizo hubadilika ndani ya chembe za damu tu. Kwenye ngozi hubaki kama mnyama alivyozaliwa.

Wiki kadhaa zikapita. Simu ikalia asubuhi moja.

"Dada, ngozi inasema kama wewe. Nilikosea mimi."

Kumbe orodha ile ilitokana na wanyama wachache mno. Tulipowapitia kima wengine tulikuta jeni mpya moja baada ya nyingine, na tukaelewa kwa nini chanjo ileile iliwakinga baadhi yao vizuri na wengine kidogo. Orodha mpya ilipochapishwa, kwenye majina ya waandishi langu lilitangulia la daktari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka hapo.

Mama alitoka mlangoni, mkasi mkononi, akamwita jirani muuza viazi.

"Yewe! Mutoto wangu ameshinda badogiteri, badaktari ba ng'ambo!"

Mchana ule hakushona tena. Tulikaanga sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, jirani akaleta viazi vyake, tukala mpaka sufuria likabaki tupu.