Kisanduku cha Pili cha Gentil

Wazazi wake walimwita Gentil, jina ambalo kwa Kifaransa ni mpole, na watu wa Kadutu, mjini Bukavu, husema padri aliyembatiza hakumtazama vizuri. Ana miaka ishirini na tisa na chumba cha kazi ya kompyuta juu ya duka la fundi cherehani, na hasira zake ziko karibu, hasa kwa mtu anayetaja neno lake la siri kwa sauti. Mteja akianza tu, "Mot de passe yangu iko...", Gentil huziba masikio kwa mikono miwili na kupiga kelele mpaka mteja anyamaze.

Kwa hiyo Sista Colombe, mkuu wa shule moja ya msingi huko Nyalukemba, alipomwomba fomu ya kuandikisha watoto kwa simu, Gentil aliitengeneza kwa moyo wote. Juu jina la mtoto, chini yake jina la mzazi, kisha visanduku viwili vya siri. Cha kwanza alikiita "Mot de passe". Cha pili kilihitaji maelezo marefu kidogo, lakini skrini za simu ni ndogo na Gentil ni mvivu wa maneno, akaandika tu "Confirmation", yaani uthibitisho. Chochote kilichochapwa humo kiligeuka vidoti vyeusi papo hapo.

Ndani ya ukurasa aliweka programu fupi inayofanya kazi humo humo katika simu ya mzazi. Kabla ya kutuma chochote, inalinganisha visanduku viwili herufi kwa herufi. Vikifanana, fomu inaondoka. Visipofanana, yanatokea maandishi mekundu, "Hazifanani, anza tena," na vyote viwili vinafutwa, ili siri ya mtu isitoke nje ya simu yake. Hata Gentil mwenyewe hawezi kuiona. Hilo ndilo alilojivunia zaidi.

Jumatatu Sista Colombe aliijaribu akiwa ofisini kwake. Ikapita mara moja.

"Iko muzuri sana," akasema. "Lakini vendredi saa sita, kama bazazi habajajiandikisha, tutarudilia cahier yetu."

Gentil alicheka. Ijumaa ilikuwa mbali, na daftari lile la kuandikishia lilikuwa limemzidi umri. Isitoshe mama yake, Maman Rosalie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu, alikwisha tangaza kwamba mwanawe ameingiza shule nzima ndani ya simu. Daftari likirudi, atakayechekwa nyuma ya beseni la samaki ni mama huyo.

Jumanne hakuandikishwa hata mtoto mmoja. Jumatano hivyo hivyo.

"Gentil," mama yake akamwambia wakila bugali, "ba maman banalalamika. Mashini yako iko nabakatala."

"Mashini haina shida, maman. Ni vidole yabo."

"Vidole gani? Mi mwenyewe nabaelezeaka sokoni kila siku namna ya kujaza."

Gentil akamshukuru sana. Angemuuliza anawaeleza nini, hadithi hii ingeishia hapa. Badala yake alipanda chumbani kwake akaijaribu fomu mara ishirini, na mara zote ikapita. Kinyozi hajinyoi, lakini Gentil alikwisha jinyoa mara ishirini na kujiona nadhifu.

Alhamisi alikwenda shuleni kuwasaidia wazazi. Wa kwanza alikuwa Papa Benoît, fundi seremala, aliyekuja na simu mkono mmoja na kadi ya parokia mkono wa pili. Alipofika kwenye visanduku vya siri, Gentil akageukia ukuta, kwa kuwa kuchungulia neno la siri la mtu kwake ni sawa na kumchungulia anaoga. Nyuma ya mgongo wake akasikia kadi ikifunguliwa, na Papa Benoît akinong'ona kwa Kifaransa, "Quatre-vingt-sept...", themanini na saba.

Kisha mguno. "Inakatala."

Akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na kadi yake. Gentil alidhani ni mambo yao na masista. Ukutani palikuwa na ramani ya Afrika, na kufikia adhuhuri alikuwa anaijua miji mikuu yote.

"Sasa utuwekee basi kitu ya kuona yenye tunaandika," Papa Benoît akalalamika. "Hapa tunaona tu maharagi."

"Siri ni siri, papa," Gentil akauambia ukuta.

Ijumaa saa tatu asubuhi Maman Asumini alipanda ngazi za chumba chake. Ni muuza vitenge, mwenyeji wa Uvira, na kwa kawaida maneno yake ni machache. Siku hiyo alikataa hata kiti.

"Mutoto yangu Nafisa anasoma kwa masista miaka tatu. Hakuna sista hata moja alituuliza dini. Leo mashini yako inaniomba confirmation."

"Ndiyo, maman. Kila mutu anaombwa."

"Kila mutu!" Machozi yalikuwa yanamlenga, na hayo yalimtisha Gentil kuliko hasira. "Mi niko Muislamu, Gentil. Confirmation nitaitosha wapi? Niende kwa askofu anipake mafuta, juu mutoto asome?"

Gentil akayarudia maneno yale moyoni. Askofu? Mafuta? Ndipo neno lake mwenyewe lilipomgeuka. Kwa Mkatoliki wa Bukavu confirmation ni kipaimara: nguo nyeupe, mkono wa askofu kwenye paji la uso, na tarehe kwenye kadi ya parokia.

"Maman," akauliza polepole, "na bale Bakristo, banaandikaka nini pale?"

"Tarehe ya confirmation yabo! Mwenye alisahau anaenda kuuliza ku parokia. Mama yako njo anaelezea batu bote sokoni."

Gentil akakaa chini. Wiki nzima programu yake ilikuwa ikilinganisha maneno ya siri na siku za kipaimara, na ilisema kweli tupu: hazifanani. Akaona aibu, wala si kwa ajili ya fomu. Mwanamke huyu alikuwa amekaa siku nne akiamini kwamba mtoto wake amefungiwa mlango, kumbe ni uvivu wa mtu mmoja.

"Munisamehe, maman. Kosa iko yangu. Haiko ya askofu. Ni kurudilia tu mot de passe ileile."

"Na mbona hukuandika vile?"

Gentil akavuta kibodi, akafuta "Confirmation", akaandika: "Andika tena mot de passe ileile." Yote yakaenea kwenye skrini, tena nafasi ikabaki. Kisha, akiuma meno, akaongeza kitufe chenye picha ya jicho: ukikigusa, maharagi yanageuka herufi. Akageukia ukuta. Nyuma yake Maman Asumini akachapa, akagusa jicho, akachapa tena, na fomu ikaondoka. Nafisa akawa mtoto wa kwanza katika orodha ya masista.

"Sasa naenda kufundisha mama yako," Maman Asumini akasema, akashuka ngazi.

Soko la Kadutu lilicheka siku hiyo mpaka watu wakasahau kupatana bei. Muuza vitenge Mwislamu alisimama mbele ya beseni la sambaza akiwaelekeza Wakatoliki habari ya confirmation, na Maman Rosalie akidakia kila sentensi, "Njo yenye nilikuwa nasema!" Saa sita kasorobo orodha ilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili.

Saa sita kamili, ofisini kwake, Sista Colombe alilirudisha daftari kabatini mbele ya macho ya Gentil, akataka kujua kisa kizima. Akacheka mpaka akavua miwani kupangusa machozi. Halafu ghafla akaivaa tena.

"Gentil, namna gani mutu anabadilishaka mot de passe yake?"

"Kwani kuna shida gani, sista? Yako si ilipita lundi, siku ya kwanza, mara moja?"

"Ilipita, juu nami pale chini nilijaza tarehe ya confirmation yangu," Sista akanong'ona. Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu ya kioo, kilining'inia cheti chake cha kipaimara, na tarehe yake ilisomeka hata kutoka mlangoni. Gentil alikitazama, akamtazama Sista, akageukia ukuta wa pili.